Humdrum: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanaojifunza Kiingereza hapa Dar wanayarudia sana kuhusu neno humdrum, wengine wamekutana nalo kwenye riwaya, wengine bosi kalitumia kwenye meseji, wengine wamelisikia kwenye muvi wakabaki wanajiuliza. Nimeyapanga kutoka yale ya mwanzo mpaka yale yanayoleta ubishi. Kama jibu lipo sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Ya mwanzo kabisa

Humdrum maana yake nini hasa?

Ni ile hali ya mambo kuwa yaleyale, hakuna jipya, hakuna kinachokushtua wala kukufurahisha. Unaamka alfajiri Mbagala, unagombania gari, unafika Posta, unakaa kwenye kompyuta, mchana wali maharage kwa mama lishe yuleyule na stori zilezile, jioni gari tena, unakula, unalala, kesho hivyohivyo. Huteseki, mshahara unaingia na watoto wanasoma, ila mtu akikuuliza "mpya nini?" huna cha kumwambia. Hiyo ndo humdrum.

Ndani ya hili neno kuna vitu viwili na lazima viwepo vyote, kujirudia na kukosa msisimko. Mechi ya Simba na Yanga inajirudia kila msimu ila hakuna mtu mwenye akili zake atakayeiita humdrum, mji mzima unakuwa juu. Na kikao kimoja kibovu kinaweza kukuchosha mpaka ukasinzia, lakini kama kimetokea mara moja tu, humdrum siyo neno lake. Wengi wanakosea hapo kwa sababu wamekariri kwamba humdrum ni "kuchosha" basi, halafu wanalipachika kila mahali.

Linatamkwaje?

Tamka "hamdram". Hiyo u iliyoandikwa ni ile ya kwenye "bus" na "cup", siyo u ya "kuku". Mkazo unakaa mwanzo, HAM-dram, na hapo sisi tuna bahati maana Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo kwenye neno la silabi mbili mkazo unaangukia mwanzoni wenyewe bila wewe kufanya chochote. Tatizo linakuja ukiongeza vokali zetu ukasema "hamudramu", mkazo unahamia kwenye "dra" na Mzungu anakukodolea macho. Funga mdomo kwenye m zote mbili, usiachie vokali nyuma.

Ni neno moja au mawili?

Moja, humdrum. Kwenye maandishi ya zamani utaliona na kistari katikati, hum-drum, siyo kosa, ni mtindo wa enzi zile. Wewe andika moja.

Limetoka wapi?

Limeanza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza miaka ya 1550, kwahiyo ni neno la kale kweli. Wataalamu wengi wanaona limetokana na hum, yani kuvuma, ule mvumo wa nyuki au wa feni ambao hauna kupanda wala kushuka, ukikaa nao dakika kumi unasahau kama upo. Halafu Waingereza wakaurudia kwa kuubadilisha kidogo, hum-drum.

Huo mchezo wa kurudia wanao sana, hocus-pocus, helter-skelter, zigzag, na sisi tunao tena tumewazidi: polepole, harakaharaka, kizunguzungu, mishemishe, na pikipiki ambayo imechukua jina lake kwenye mlio wa injini. Kwahiyo mtu wa Kiswahili hatakiwi kulishangaa neno la namna hii, masikio yetu yamezoea.

Baadaye kidogo, miaka ya 1590, likaanza kutumika pia kumtaja mtu aliyepooza, asiye na mvuto. Kwa maana ya hali yenyewe ya mambo kuwa yaleyale, kama nomino, linaonekana kuanzia 1727.

Kwahiyo hiyo drum siyo ngoma?

Siyo. Wala siyo pipa la mafuta. Ni sauti tu iliyotafutwa ili iendane na hum. Kuna jamaa wanaeleza kwamba eti ni mtu anayepiga ngoma mdundo mmoja kutwa nzima, stori inanoga ila haina ushahidi. Na hao wanaosema hivyo sijui ngoma gani wanazisikiliza, maana ukipita Mbagala au Manzese kwenye kigodoro usiku, hiyo ngoma huwezi kuiita humdrum hata kama hujalala.

## Kulitumia kwenye sentensi

Ni kivumishi au nomino?

Vyote viwili, ila mara nyingi sana ni kivumishi. Linakaa kabla ya nomino, "a humdrum job", kazi ya kila siku yaleyale, au baada ya kitenzi, "my life is so humdrum".

Likiwa nomino kwa kawaida linatanguliwa na the: "the humdrum of office life", "she wanted to escape the humdrum". Halina wingi kwa matumizi ya sasa, usiandike humdrums. Kwenye kamusi kubwa utakuta liliwahi kutumika hata kama kitenzi, hiyo achana nayo kabisa, hakuna atakayekuelewa.

Linapenda kukaa na maneno gani?

Life, existence, job, routine, task, affair. Ukilibandika mojawapo ya hayo hujakosea. "A humdrum existence" utaiona sana kwenye riwaya, ni maisha ya mtu ambaye kabla stori haijaanza hana tukio lolote, halafu ukurasa wa tatu anapokea barua ya ajabu au anaokota maiti.

Haliendi vizuri na vitu vya kushika. "A humdrum chair" ni ya ajabu, kiti hakina ratiba. Na chakula? Inawezekana ukizungumzia menyu nzima ya wiki, mfano wa bweni la shule, ugali maharage Jumatatu mpaka Jumapili, "a humdrum diet" inapita. Sahani moja ya chipsi mayai iliyokosa chumvi haipiti.

Nikiwa nimechoka na mambo naweza kusema "I am humdrum"?

Usithubutu. Hapo umesema wewe mwenyewe ndo mtu usiye na mvuto, umepooza. Ni kosa lilelile la "I am boring" badala ya "I am bored", na hili la boring jamani nimelisikia hata kwa watu wenye digrii zao, mtu anamwambia mgeni "I am very boring today" na mgeni anaitikia kwa adabu tu.

Humdrum ni sifa ya hali au kitu, siyo hisia yako. Hisia yako itafutie neno lingine halafu uviunganishe: "I'm tired of my humdrum routine", "I'm bored with this humdrum job". Hapo umeeleweka na heshima yako imebaki.

Nikilinganisha nasema humdrummer?

Hapana, "more humdrum" na "the most humdrum". Ukitaka kusema namna kitu kinavyofanyika, "in a humdrum way" inatosha, hiyo humdrumly ipo kwenye vitabu vichache sana na masikioni inakwaruza. Humdrumness nayo ipo, lakini ya nini wakati the humdrum inafanya kazi hiyohiyo kwa herufi chache?

Ni la mtaani au la kiofisi?

Liko katikati, limeegemea kidogo upande wa maandishi. Magazetini lipo, kwenye riwaya lipo, Waingereza na Wamarekani wote wanalitumia. Kwenye maongezi ya kawaida kijana wa London atasema boring kabla hajalikumbuka humdrum. Kwenye ripoti ya kazi usiliweke, lina hukumu ndani yake, andika "routine" au "repetitive" ambayo inaeleza tu bila kulalamika.

## Humdrum na ndugu zake

Tofauti yake na boring ni nini?

Boring ni pana, inabeba kila kitu: mtu, muvi, somo, wikiendi, mkoa. Tena boring inaweza kuwa ya mara moja. Humdrum inahitaji siku nyingi nyuma yake. Muvi moja ni boring, kazi ya miaka minane kwenye dawati lilelile ni humdrum.

Na kuna utofauti wa ukali. Ukimwambia mtu "your job is boring" umemchoma. Ukisema "humdrum" umelainisha, ni kama unasema kazi ya kawaida tu, kama za wengi wetu. Kiumri pia humdrum ni kaka mkubwa, maana bore kwa maana ya kumchosha mtu limeanza karne ya 18.

Na monotonous, tedious, mundane, drudgery?

Hapa ndo watu wanapochanganya madawa, twende taratibu.

Monotonous limetoka Kigiriki, sauti moja, na mpaka leo linapenda vitu vinavyosikika au kuonekana: sauti ya mhadhiri isiyopanda wala kushuka, mlio wa jenereta, barabara ndefu ya mapori matupu ukiwa kwenye basi la mkoani. Sauti ya mtu ni monotonous, kuiita humdrum siyo kawaida. Maisha yanaweza kuwa yote mawili.

Tedious ni kitu kirefu, kinavuta, kinakula muda na kinakuchosha ukiwa unakifanya. Kujaza fomu kurasa ishirini huku kila ukurasa wanakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa upya, hiyo ni tedious hata kama umejaza mara moja tu maishani. Humdrum yenyewe haina hiyo kero ya kukuvutia muda, siku inaweza kupita haraka tu na ikawa humdrum vizuri sana, na mimi naona huu ndo mpaka mkubwa kati ya haya maneno mawili.

Mundane ni ya kila siku, ya kidunia, limetokana na neno la Kilatini la dunia. Kufua, kulipa LUKU, kununua gesi ni mambo mundane, siyo lazima yachoshe, ni madogo ya kawaida tu. Wahubiri nao wanalitumia wakitenganisha mambo ya dunia na ya kiroho, humdrum haiwezi kazi hiyo.

Drudgery ni sulubu. Kazi ngumu, ya kujirudia, ya mwili, isiyo na shukrani. Dada wa kazi anayeamka saa kumi usiku na kulala saa sita, mwite humdrum uone kama hujaonekana huna huruma. Kazi ya karani ni humdrum, ya yule dada ni drudgery.

Dull, dreary na banal je?

Dull ni butu, hata kisu kinaweza kuwa dull. Dreary ina huzuni na giza ndani yake, mvua ya masika siku ya nne, nguo hazikauki, umeme umekatika. La ajabu ni kwamba dreary kwenye Kiingereza cha kale lilimaanisha yenye damu, leo limebaki na unyonge tu. Banal ni la Kifaransa, enzi za mabwana wa ardhi lilihusu vitu kama kinu na tanuri ambavyo wanakijiji wote walilazimika kutumia vya bwana, kutoka hapo likawa "cha wote", mwisho likawa "kilichotumika mpaka kimeisha utamu". Linakwenda na maneno na mawazo, "a banal speech", hotuba ambayo ungeweza kuimalizia mwenyewe.

Humdrum ndo doldrums? Na conundrum? Na humbug?

Sauti zinafanana, mambo tofauti kabisa. Conundrum ni fumbo, tatizo linaloumiza kichwa. Humbug ni ulaghai au maneno ya uongo.

Doldrums ndo ina udugu wa mbali kimaana. Ni ukanda wa bahari karibu na ikweta ambako upepo unalegea, na enzi za matanga meli zilikuwa zinakwama huko zikisubiri. Watu wa pwani tunaweza kuielewa kirahisi: tuna kaskazi, tuna kusi, na kati yao tanga mbili, upepo hautulii upande mmoja wala hauna nguvu, jahazi haliendi popote. Mtu akisema biashara iko "in the doldrums" maana yake imekwama, haisogei. Biashara humdrum inasogea vizuri, inalipa kodi ya fremu, haina tu cha kusimulia.

## Kwa Kiswahili tunasemaje?

Neno moja la Kiswahili la humdrum ni lipi?

Halipo moja linalofunika yote, na ukilazimisha moja utaharibu tafsiri. Programu za kutafsiri zinapenda kutoa "ya kuchosha", ambayo inabeba nusu tu, ile ya kujirudia imeangukia njiani. Mimi nikitafsiri huwa naanza na "yaleyale" halafu naangalia sentensi inataka nini. "She left her humdrum job at the bank" nitaandika "aliacha kazi yake ya benki, ya kila siku yaleyale". Ukiwa na uthubutu "the humdrum" unaweza kuiita "uyaleyale", haipo kwenye kamusi yoyote ila msomaji ataipata palepale.

Kuna maneno mengine yanasaidia kulingana na mahali. Chapwa ni la chakula kisicho na chumvi wala sukari, lakini maongezi nayo yanakuwa chapwa, maisha pia, na ni zuri sana pale unapotaka kukosa ladha kuliko kujirudia. Kupooza ni la shughuli, sherehe imepooza, mji umepooza. Kudoda ni la Kariakoo zaidi, mzigo umedoda, hautoki, hilo liko karibu na doldrums kuliko humdrum.

Kukinai kunakaribia lakini kumekaa kwa mtu, wewe ndo unakinai, tena mara nyingi umekinai kitu kizuri kilichozidi, mfano samaki kila mlo. Humdrum imekaa kwenye kitu chenyewe hata kama wewe hujali.

"Kufanya kazi kwa mazoea" siyo ndo humdrum?

Inaonekana hivyo ila siyo. Kiongozi akiwaambia watumishi waache kufanya kazi kwa mazoea anawakaripia kwa uzembe, kwa kutofuata utaratibu, kwa kujisahau. Mtu anaweza kuwa na kazi humdrum na akaifanya kwa umakini wa hali ya juu, mkaguzi wa hesabu kwa mfano, kila mwezi risiti zilezile na hakosei hata senti. Ukitafsiri hotuba ya namna hiyo ukaweka humdrum utakuwa umemlishia kiongozi maneno.

Naweza kusema tu "inaboa"?

Mtaani ndiyo, kila mtu atakuelewa, "maisha yanaboa", "kazi inaboa". Ila hiyo ni boring iliyovaa kanzu, kwahiyo tofauti zote nilizotaja kwenye swali la boring zinabaki palepale. Na chunga "kuboreka". Ukisema "nimeboreka" vijana wanaelewa umechoka na mambo, ukisema "huduma zimeboreka" watu wazima wanaelewa zimekuwa bora. Sasa mtu akiandika "maisha yangu yameboreka tangu nihamie Kigamboni" unabaki huelewi umpongeze au umpe pole.

## Maswali yenye ubishi

Foleni ya kila siku ni humdrum?

Inategemea inakufanya nini. Kama uko Ubungo umesimama saa nzima, unatoka jasho, unaangalia saa na bosi anapiga simu, hiyo ni "frustrating", ina hasira ndani, na humdrum haina hasira. Ila ukiwa umeshaizoea, unajua wapi gari litasimama, wapi muuza karanga atapanda, unaweka spika za masikioni na kulala, safari nzima imekuwa sehemu ya "the humdrum of commuting". Foleni ni ileile, umebadilika wewe.

Naweza kumwita mtu humdrum?

Kisarufi ndiyo na zamani lilikuwa nomino kamili ya mtu wa hivyo, kama nilivyosema kwenye asili yake. Leo ni bora useme maisha yake au kazi yake. Ukimgusa mtu mwenyewe linageuka dharau ya kistaarabu, na dharau ya kistaarabu inauma zaidi kwa sababu mtu anaenda kuitafuta kwenye kamusi kwanza.

Mpenzi wangu kaniandikia "our relationship has become humdrum", ananiacha?

Hajasema hivyo. Hajasema humpendi, hajasema una mtu, hajasema mnagombana. Kasema kila Jumamosi ni mgahawa uleule, kuku yuleyule, saa mbili mmesharudi mko kila mtu na simu yake. Angalia pia kasema "has become", maana yake zamani haikuwa hivyo na anakumbuka. Angeandika "I am tired of you" hapo tungeongea mengine.

Lazima liwe baya?

Mara nyingi lina malalamiko kidogo, lakini siyo lazima. Mtu aliyekaa wodini na mgonjwa wiki nzima, au aliyepitia mafuriko nyumba ikajaa maji, anaweza kusema "I miss my humdrum life" na anamaanisha kweli, anautaka ule wali maharage na yale magari. Waandishi wanapenda sana kulitumia hivyo, na linafanya kazi kwa sababu tu kila mtu anajua kwa kawaida ni lawama.

Kwenye intavyuu nikisema "I don't want a humdrum job" inapendeza?

Ni hatari. Anayekuhoji inawezekana yuko kwenye kazi hiyohiyo mwaka wa kumi na mbili, na wewe umemwambia usoni kwamba ni ya kupooza. Sema unachokitaka badala ya unachokikimbia: "I'm looking for a role with some variety." Kwenye barua ya maombi pia iwe hivyohivyo, na kwenye CV neno hili halina mahali pa kukaa.